Darasa la Watoto Mia na Ishirini na Wanane

Hapo zamani, kabla barabara ya magari haijafika Ighembe, kijiji cha milimani huko Upare, palikuwa na shule ya msingi yenye mwalimu mmoja tu wa darasa la kwanza. Jina lake Namkunda.

Mwaka alioanza kazi, darasa lake lilikuwa na watoto arobaini na mmoja. Mwaka uliofuata, sabini. Mwaka wa tatu mvua ikaiporomosha shule ya kijiji cha jirani, na watoto wa huko wakahamia Ighembe. Wakafika mia na ishirini na wanane. Dawati la wawili likakaliwa na wanne. Daftari la mahudhurio lilikuwa na mistari sitini. Waliozidi Namkunda aliwaandika kwenye karatasi za pembeni.

Kuita majina yote kulimaliza kipindi karibu kizima. Wiki ya kwanza akaita. Wiki ya pili akaita. Wiki ya tatu akaacha, akawa anatazama madawati tu. Hili limejaa, wapo. Hili limejaa, wapo. Kisha anashika chaki.

Siku moja ya mvua na ukungu alitazama hivyo asubuhi, akatazama tena baada ya mapumziko. Madawati yote yamejaa. Akafundisha mpaka saa sita, watoto wakaenda zao.

Saa nane akaja mkulima wa tangawizi aitwaye Mbonea, maji yanamchuruzika.

"Mwalimu, namtafuta Nakiete. Nyumbani hajafika."

"Nakiete yupi, baba?" Namkunda akauliza.

Mtoto alikuwa darasani mwake tangu Januari, na sura yake haimjii.

Mwalimu mkuu, mzee Mrutu, akagonga kengele. Watu wakaacha mashamba. Wakatafuta migombani, wakatafuta mferejini, hakuna kitu. Njia ya korongoni, anayopita Nakiete kwenda nyumbani, ilikuwa imemeguka. Namkunda akateremka kwa makalio, akishika mizizi, akiita jina ambalo asubuhi hakuliita. Saa kumi na moja ndipo aliposikia kikohozi. Nakiete alikuwa amejikunyata juu ya jabali, mguu umevunjika, midomo imepauka kwa baridi.

Akambeba mgongoni.

"Wakati wa mapumziko nilienda chooni," mtoto akasema. "Niliporudi nikakuta wamekaa mahali pangu. Nikajua darasa limejaa, nikaenda nyumbani."

Namkunda akaendelea kupanda.

Mguu uliunga, lakini uliunga vibaya, Nakiete akawa anachechemea. Kijiji kikataka mwenye kosa. Kamati ya shule ikaketi, mwenyekiti akiwa Bi Nanzia, akasema wazi: "Tutaandika jina moja. Akiwa mwalimu, ataondoka Ighembe. Akiwa mzazi, atamtoa mtoto wake shuleni. Semeni."

Mrutu akasimama wa kwanza. "Mimi ndiye niliyewapokea watoto wote hawa. Nafasi zilikuwa sitini, nikapokea mia na ishirini na wanane. Niliomba mwalimu wa pili mara tatu kwa barua, sikujibiwa. Lakini niambieni, wale sitini na wanane ningewarudisha wapi? Shule yao ilikuwa chini ya udongo."

"Ulijua hawatoshi," Mbonea akasema.

"Nilijua. Wewe ungependa nimfungie nani mlango?"

Mbonea akaketi.

Akasimama Namkunda. "Mimi sikuita majina. Ningeita baada ya mapumziko, ningejua mapema kwamba hayupo. Lakini kila siku nilikuwa nachagua: niwaite, au niwafundishe. Nikachagua kuwafundisha. Leo watoto tisini wanasoma. Ningeita majina, wasingefika thelathini."

"Na mwanangu je?" Mbonea akauliza.

"Mwanao nilimpoteza, baba. Silikatai hilo."

Mwisho akasimama Mbonea, macho chini. "Nakiete hana miaka saba. Ana mitano. Nilidanganya nilipomwandikisha. Mtoto wa miaka saba angedai nafasi yake, au angemwambia mwalimu. Huyu hakujua. Lakini mama yake amefariki, nami nashinda shambani. Ningemwacha peke yake na moto jikoni? Niliona penye watu wengi ndipo penye usalama."

Bi Nanzia akawatazama wote watatu. Akimwandika Mrutu, atakayekuja atawafukuza waliozidi. Akimwandika Namkunda, darasa zima litabaki bila mwalimu. Akimwandika Mbonea, Nakiete atarudi kushinda peke yake, tena sasa ana mguu mbovu. Akachukua kalamu.

Namkunda aliikazia macho kalamu ile. Moyoni aliomba lisiandikwe jina lake, na papo hapo akaona haya, maana alijua anaomba liandikwe la mwenzake.

Nami kalamu naiachia hapo hapo, juu ya karatasi. Jina ni moja tu, na lazima liandikwe. Je, nyinyi mliosikia, nani alistahili kuandikwa?