Kindi Aenda Kumjulia Hali Fisi

"Wenye masikio mpo?"
"Tupo, tia neno."
"Nitie tamu au chungu?"
"Ulilo nalo."

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja na robo alfajiri, mtoto wa Mama Digidigi alipokwenda mtoni asirudi. Mama akamwekea uji. Ukaganda, akapika mwingine. Hakujua amngoje mtoto au aweke matanga.

Wote walimshuku Fisi, na wote walimwogopa.

Nyani akaenda pangoni, akasema amekuja kuchunguza. Fisi akajibu kwamba wanaochunguzwa ni wezi. Nyaku! Nyani akarudi bila sikio.

Kanga akaenda, akasema amekuja kudadisi. Fisi akajibu kwamba wanaodadisi ni wambeya. Nyaku! Kanga akarudi bila mkia.

Swala akaenda, akasema amekuja kuhoji. Fisi akajibu kwamba anayehoji ni hakimu, na hakimu wa hapa ni yeye. Nyaku! Swala hakurudi.

Kindi akayapima maneno yale moja moja. Yote yalimfanya Fisi mshtakiwa. Akatafuta neno la kumlaza chini kwa hiari yake.

Ijumaa akaenda na bakuli la supu. Majirani wakamfuata, kila mmoja na bakuli lake, Mama Digidigi nyuma kabisa.

"Shikamoo, mjomba. Tumekuja kukujulia hali."

"Marahaba. Nani kasema naumwa?"

"Basi supu turudi nayo."

Fisi akajilaza pale pale. "Tumbo," akasema. "Nakufa mimi."

Kindi akamfunga kamba tumboni, akamfunga na miguu, ati maumivu yasishuke. Ndipo akauliza kama waulizavyo wanaojulia hali. Limeanza lini? Jumanne alfajiri. Ulikuwa wapi? Mtoni.

"Pole, mjomba. Na ulikula nini? Dawa hufuata kilicholiwa."

Fisi alikuwa akiitazama supu. "Kitoto cha digidigi," akasema. "Laini. Haya, leteni."

Hakuna aliyeleta. Wakayaweka mabakuli chini, mbali na mdomo wake, wakatoka mmoja mmoja. Nyuma yao kamba ililia kwi, kwi, kwi, isikatike.

Asubuhi yake Mama Digidigi hakupika uji. Aliosha bakuli dogo, akalifudikiza, akatandika jamvi la matanga mlangoni.

Neno langu limefika mwisho, uchungu wake mmeuonja. Na funzo lake, wadogo zangu, ni hili: mgonjwa wa kweli mpeni supu kwanza, maswali baadaye.