Karibu ya Nani?

Ndugu zangu, kulikuwa na mtaa mmoja uliosifika kwa adabu. Enzi za babu zao, wenye nguvu walikuwa wakiingia nyumba ya yeyote bila hodi, wakachukua mbuzi, wakachukua na watu. Wazee wakachoka. Wakakubaliana: hakuna kuvuka kizingiti cha mtu mpaka ubishe hodi na mwenye nyumba akujibu karibu. Ukibisha mara tatu kimya, rudi kwako. Sheria mbaya hiyo? Nzuri sana! Ilimpa hata mnyonge mlango wake.

Basi jioni moja watu wametoka kuswali magharibi, wakasikia mayowe kwa jirani yao. Anampiga mkewe. Wakakusanyika barazani kwake, wanaume wazima, kanzu zimenyooka.

"Hodi!"

Kimya. Vishindo tu.

"Hodi, jirani!"

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka ndani: "Karibuni! Jamani karibuni, ananiua!"

Mnadhani waliingia? Walitazamana. Mmoja akauliza, "Hiyo karibu ni ya nani?"

"Ya mke," akajibiwa. "Mwenye nyumba hajasema kitu."

"Basi hatujakaribishwa. Mambo ya ndani ya mtu hayaingiliwi."

Wakabisha ya tatu, kwa sauti ya chini kidogo, kisha kila mmoja akashika njia ya kwake.

Asubuhi wakarudi. "Hodi!" Safari hii mwenye nyumba mwenyewe akafungua. "Karibuni, majirani zangu wenye adabu," akasema. "Nisaidieni kuzika." Wakavua viatu, wakaingia.

Naona mmeinamisha vichwa. Inamisheni, na mimi nainamisha, maana mtaa huo ni sisi. Nchi zetu ziliingiliwa bila hodi. Tulipopata uhuru tukaishika sheria ya mlango kwa mikono miwili, na tulikuwa na haki. Baadaye mataifa yakakaa, na sisi tukiwamo, yakakiri kwamba mwenye nyumba anayewaua wa nyumbani mwake hawezi kujificha nyuma ya mlango. Tukapiga makofi. Leo serikali ya jirani ikiwachinja watu wake, nasi tunasikia mayowe mpaka huku, tunasemaje? "Ni mambo yao ya ndani." Hatuoni aibu?

Mtaniambia: Ustadhi, wapo wanaovunja mlango wakisema wanaokoa, wakatoka na godoro. Kweli wapo, na tuwaogope. Lakini wale wa barazani hawakurudi makwao usiku ule kwa kuogopa wezi. Walirudi kwa sababu kila mmoja alikuwa na fimbo yake nyumbani, nyuma ya mlango wake, na hakutaka siku moja jirani aingie kumuuliza. Adabu gani hiyo? Walikuwa wanalindana.

Na sisi tunalindana. Kesho mbele ya Mola tutaulizwa, na hatutaweza kusema hatukukaribishwa. Yule mama alisema karibu, tena mara mbili.