Picha ya Ukurasa wa Mbele

Wahenga hawakutania waliposema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba ni kitu kidogo. Sindano na subira ya dakika moja hutosha kuutoa. Mwenye haraka huuacha akijiambia kuwa utatoka wenyewe, na mguu unapovimba hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Ubaya zaidi ni pale mmoja anapoudharau mwiba, tende ikaota katika mguu wa mwingine.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja aliyekuwa pia mhariri wa jarida la kanisa lao. Waumini walimwita Mama Gazeti, na jina hilo alilipenda kuliko alilobatizwa nalo. Alipokabidhiwa jarida hilo lilikuwa karatasi mbili zilizojaa maandishi madogo kama sisimizi, na wengi walilitumia kujipepea wakati wa mahubiri. Yeye aliligeuza. Alipunguza maneno kama apunguzavyo kitambaa, akaacha nafasi nyeupe macho yapumzike, akaweka mbele picha moja kubwa badala ya sita ndogo. Na chini ya kila picha aliandika maelezo yanayojibu maswali matatu: nani, wapi, lini. "Picha bila maelezo ni shati bila vifungo," alipenda kusema. Watu wakaacha kujipepea, wakaanza kusoma.

Jambo moja tu lilimkera, nalo ni daftari la picha. Mchungaji alikuwa ameagiza kwamba kila atakayeonekana jaridani aulizwe kwanza, kisha atie sahihi.

"Umewauliza wote?" Mchungaji alimuuliza Ijumaa moja, alipomkuta akifunga kazi ya kupeleka kwa mpiga chapa.

"Mchungaji, watu wenyewe wananikimbilia niwapige picha, na wewe unataka niwafukuze kwa daftari?"

"Ni dakika moja tu, mama."

"Nitawauliza Jumapili. Sasa hivi mpiga chapa ananingoja." Akafungua daftari, akaandika neno moja, *baadaye*, akaondoka mbio.

Picha ya mbele ilikuwa ya mwimbaji wa kwaya aliyehamia mtaani miezi mitano nyuma, mwenye watoto mapacha, ambaye wote walimwita Mama Pacha. Alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, lakini kwa picha hakuwa na bahati. Kila kamera ilipoinuliwa, yeye alikuwa ameinama kufunga kiatu, au kitabu cha nyimbo kimemfunika uso. Mama Gazeti alidhani ni haya tu. Safari hii alimvizia mlangoni akicheka na wanawe, akampiga picha bila mwenyewe kujua: uso mzima, meno yote nje, mapacha wamemng'ang'ania sketi. Chini yake akaandika majina yake yote mawili, kisha: *Njoo umsikie kila Jumatano saa kumi jioni, ukumbi wa nyuma wa kanisa.* Nani, wapi, lini. Akajipongeza.

Nakala zilitoka mia nne. Mia tatu zilikuwa za waumini. Mia moja za wageni alizigawa mwenyewe Jumamosi asubuhi kwenye kituo cha mabasi, akiziweka juu ya mabenchi ya abiria.

Jumapili baada ya ibada, alikuwa bado anapokea pongezi pale Mama Pacha alipomshika kiwiko na kumvuta hadi ofisi ndogo wanakorundika viti. Jarida lilikuwa mkononi mwake.

"Dada, hizi ziko ngapi?"

"Mia nne! Umependeza, eh? Nilijua tu utashangaa..."

"Zimefika wapi?"

Mama Gazeti alianza kucheka, kisha akaiona midomo ya mwenzake, imekauka na kupauka. "Hapa kanisani," akasema polepole. "Na kituo cha mabasi."

Mama Pacha akaketi sakafuni, ingawa viti vilimzunguka kila upande. Akakunja mkono wa blauzi. Karibu na kiwiko mfupa ulikuwa umeunga vibaya, umepinda.

"Mume wangu ni dereva wa mabasi ya mbali. Huu aliuvunja kwa kuubana mlangoni. Akasema siku nyingine itakuwa shingo. Nimehama mara mbili, dada. Hapa ndipo wanangu walipoanza kulala bila kushtuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza, ningekuambia."

Mama Gazeti alitoka pale. Alikimbia hadi kituoni na nguo zake za ibada, akapekua chini ya mabenchi, akawaomba wauza maji, akaifungua hata karatasi iliyofungiwa karanga. Mchungaji naye aliwasihi waumini warudishe nakala zao, akaenda polisi kutoa taarifa. Hadi Jumatatu jioni nakala thelathini na tisa hazikuonekana. Zilikuwa zimepanda mabasi na abiria waliozichukua.

Tangu hapo hofu ilimganda kama kupe. Honi ya basi ikilia barabarani, cherehani ilisimama. Alishona mkono wa kulia mahali pa kushoto, akajidunga kidole, na damu ikachafua gauni la mteja. Kila mwanamume aliyepita mbele ya dirisha lake alikuwa dereva.

Jumanne Mchungaji na mkewe walimhamisha Mama Pacha na watoto wake. Mama Gazeti aliomba japo aage.

"Ni bora usijue hata gari limeelekea wapi," Mchungaji alimwambia. "Usichokijua hakuna atakayekitoa kwako."

Jumatano mazoezi yaliahirishwa. Kabla ya saa kumi Mama Gazeti alikwenda kubandika tangazo kwenye mlango wa ukumbi wa nyuma. Alikuwa ndani akitafuta gundi aliposikia hodi, na kabla hajaitikia, mtu akaingia. Alikuwa amevaa shati safi, lililopigwa pasi. Mkononi alishika jarida lililokunjwa mara nne.

"Habari za jioni, dada."

"Nzuri."

"Leo ni Jumatano, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na hapa ndipo ukumbi wa nyuma." Hakuwa akiuliza. Alitembea taratibu, akachungulia nyuma ya pazia la jukwaa, akafungua kabati la majoho, akalifunga kwa adabu. Kisha akarudi, akasimama kati yake na mlango.

"Yuko wapi?"

"Alikuwa mgeni tu. Ameondoka."

"Kwenda wapi?"

"Sijui." Alimshukuru Mungu kwamba hakuwa akisema uongo, kwa maana macho yale yangemsoma.

Yule mtu akasogea karibu na meza. Kisha akalikunjua jarida mezani, akalinyoosha kwa kiganja. Maelezo ya picha yalikuwa yamepigiwa mstari kwa kalamu ya bluu.

"Wewe ndiye unayeandika hili?"

"Ni mimi."

"Unaandika vizuri," akasema, akatabasamu. "Jina, mahali, saa. Hukuacha kitu. Mimi nimetafuta miezi mitano kwa ndugu, kwa marafiki, wote wananizungusha. Wewe umenisaidia kwa mistari miwili." Akaelekea mlangoni. "Likitoka jingine, niwekee nakala pale kituoni."

Nyayo zake zilipotea kwenye kokoto. Mama Gazeti alifunga mlango kwa komeo, akampigia Mchungaji simu. Polisi walipofika, yule mtu alikuwa ameshakwenda zake.

Jarida bado linatoka. Siku hizi Mama Gazeti hachapishi hata picha ya mgongo wa mtu bila sahihi, na watani wamembandika jina jipya, Mama Sahihi. Yeye hacheki. Honi ikilia, cherehani bado husimama. Katika mstari wa mbele wa kwaya pana nafasi ambayo hakuna aliyeijaza, na mahali fulani watoto wawili wameanza shule ya tatu mwaka huu, na wanashtuka tena usingizini. Katika daftari ukurasa ule bado upo, na neno lake ni lile lile, *baadaye*. Alikuwa ameombwa dakika moja tu. Mdharau mwiba mguu huota tende.