Hodi ya Akida Mgaza

Mlinda mji naye hupiga hodi. Ndivyo Mzee Shekiondo alivyomwambia leo asubuhi yule kijana wa sungusungu aliyetaka kujitoma nyumbani kwa jirani kumtafuta mwizi wa ng'ombe. Kijana akarudi nyuma, akapiga hodi kama mgeni. Ninyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Endeleeni kuambua kunde, wajukuu zangu, masikio hayana kazi kwa sasa. Nitawaambia methali hii ilivyoanza.

Zamani palikuwa na mji juu ya kilima ukiitwa Kwemsasi. Waliouanzisha walikuwa wakimbizi. Kule walikotoka, watu wa mtawala waliingia nyumba yoyote saa yoyote, wakatoka na kuku, wakatoka na binti, mwenye nyumba akitazama tu. Kwa hiyo walipofika kilimani, kabla hawajachimba hata shimo la nguzo, walichinja mbuzi, wakasoma Fatiha, wakaapizana: mlango wa mtu ni mpaka wake. Jumbe atapiga hodi, akida atapiga hodi, na asiyekaribishwa atasubiri nje. Sheria nyingine zote za mji zililalia juu ya hiyo, kama boriti juu ya nguzo. Ndipo wakazungusha boma la magogo na minyaa, wakaweka lango kubwa mbele na kimlango nyuma cha kuteremkia mtoni.

Akida wa mji, yaani mkuu wa ulinzi, siku hizo alikuwa Mgaza. Alikuwa mtu mwema, na hilo mlishike. Ndugu yake alikamatwa na watekaji wa bondeni akiwa analima, akaenda kuuzwa asikojua mtu, na tangu hapo Mgaza alilala na mkuki ubavuni. Mkewe, Sauda, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, na kwa desturi alikuwa kwa mama yake akimaliza arobaini. Mama huyo aliitwa Bi. Mwantumu. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, karibu na kile kimlango cha mtoni.

Basi watekaji wakarudi kuzunguka kilima, na ikajulikana kuwa wana mtu wao ndani ya mji anayewapelekea habari. Mgaza akaenda barazani.

"Nipeni ruhusa ya kuingia kila nyumba bila hodi," alisema. "Nikibisha, ninayemtafuta ananisikia, anatokea uani. Vita havisubiri karibu."

"Ruhusa ya mpaka lini?" Jumbe akamuuliza.

"Mpaka vita viishe."

"Na nani atasema vimekwisha?"

"Mimi ndiye ninayeviona."

Upande wa wanawake, Bi. Mwantumu akajikohoza.

"Na kwangu je, mwanangu? Nako utaingia tu?"

Mgaza akainamisha macho, maana mkwe ni mkwe. "Kwako nitapiga hodi, mama."

Baraza zima likacheka. Bi. Mwantumu hakucheka. "Kumbe unajua kuwa ni aibu," alisema. "Kwa mkweo ni aibu, kwa mama wa mwenzio ni ulinzi. Haya, mwanangu, Mungu akuongoze."

Lakini hofu siku ile ilikuwa kubwa kuliko kiapo. Wakampa ruhusa.

Na haki isemwe, ruhusa ilizaa kitu. Haukupita muda walinzi wakamkuta yule mpeleka habari amejificha ndani ya ghala la mtu, nyuma ya marundo ya mahindi. Watu wakamsifu Mgaza. Wakadhani sasa hodi itarudi. Haikurudi. Mguu ukishazoea kuvuka kizingiti hauulizi tena. Walinzi wakaingia kwa Mzee Kiluwa yuko katika sijida, wakakanyaga msala wake. Wakamfuma mke wa mhunzi anaoga. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa vijana wa pale pale, ila sasa walikuwa na mkuki na kitambaa cheupe walichofunga mkononi ili wajulikane. Mwanzoni wanawake walipiga kelele. Wakaambiwa wanazuia ulinzi. Basi wakajifunza kukaa kimya mkuki unapoingia.

Nyumba moja tu ilibaki na hodi yake, ya Bi. Mwantumu. Hakuna mlinzi aliyethubutu kuingia bila hodi kwa mkwe wa akida, tena mna mzazi ndani.

Sasa watekaji nao wana akili. Bondeni hapakosi mtu wa kuuza maneno, na maneno yaliwafikia: Kwemsasi, mtu mwenye kitambaa cheupe mkononi haulizwi kitu. Na kitambaa ni kitu gani? Kila mtu anacho.

Asubuhi moja, watu wakiwa mashambani, moshi ukaonekana mbele ya lango kuu. Watekaji walikuwa wamechoma nyasi, wanapiga ngoma na kutukana. Ngoma ya hatari ikalia, watu wakakimbilia ndani ya boma, wengine kwa lango kuu, wengine kwa kimlango cha mtoni, vurugu tupu. Mgaza akawapanga walinzi wake wote langoni. Akangoja washambulie.

Hawakushambulia. Walisogea kidogo, wakarudi. Wakapiga kelele, wakarudi. Mgaza akamwambia msaidizi wake, "Chambi, umewahi kuona mtu aje vitani kuimba?"

"Labda wanatuogopa, akida."

"Mwoga hakai hapa akiimba. Hawa wanataka tuwatazame wao."

Hajamaliza, likasikika yowe la mwanamke upande wa mtoni. Moja, kisha mengi. Mgaza alilijua lile la kwanza, la mkwewe. Angeweza kuwaita wote wamfuate, na hapo ndipo lango lingebaki wazi, watekaji wangeingia kwa kutembea. Akajizuia. Akamwachia Chambi nusu ya watu. "Msifungue hata wakitukana mama zenu." Akachukua nusu, akakimbia huku akiomba dua ambayo hakuimaliza.

Nyuma ya nyumba za upande wa mtoni alikuta jambo lililomkata maini. Watu wenye vitambaa vyeupe mikononi, kama vijana wake, walioingia kwa kimlango katika ile vurugu, walikuwa wakiwasukuma wanawake na watoto kuelekea kimlango. Ila wanawake sasa walikuwa wamezinduka, wameng'ang'ania nguzo, wanauma, wanarusha michi. Vijana wa Mgaza wakasita: huyu wa kwetu au wa kwao? "Wangapi mnawajua sura?" Mgaza akauliza. "Msiyemjua, kamata." Wakawakamata. Mmoja alikuwa ameketi chini, ameshika uso, uji unamtiririka shingoni. Hakuna mwanamke wala mtoto aliyevushwa boma.

Mgaza hakusimama hapo. Alimtafuta Sauda kwa macho asimwone. Akafika kwa Bi. Mwantumu, mlango umekomewa, kizingiti kimelowa uji, ndani kimya. Kisha akasikia mtoto analia, sauti ikakatika ghafla kama iliyozibwa kwa mkono.

Akainua mguu avunje mlango. Mguu ukabaki hewani. Akafikiri: waliomo ndani wanajuaje kuwa ni mimi? Nimewafundisha mwenyewe kwamba anayeingia na mkuki hasemi kitu. Wakiniona nimeuvunja, watanipiga kama adui, na watakuwa na haki. Na kama ndani yumo adui kamshika mtoto, kishindo changu ndicho kitakachomuua.

Akaushusha mguu. Akaegemeza mkuki ukutani.

"Hodi," alisema.

Akabisha kwa kidole.

"Hodi humu ndani."

Mtoto akalia tena kidogo.

"Hodi, mama. Ni mimi, mkweo Mgaza. Sina mkuki."

Ukapita muda ambao kwake ulikuwa mrefu kuliko vita. Kisha sauti ya Bi. Mwantumu ikatoka, kavu, bila haraka: "Karibu, baba. Ingia taratibu, uji uliobaki bado ni wa moto."

Komeo likatolewa. Ndani mlikuwa na wanawake tele waliokimbilia humo, wameshika michi na mafiga. Nyuma yao, Sauda kitandani, mtoto kifuani, wazima wote wawili. Mgaza aliketi pale pale mlangoni, akasema alhamdulillahi mara nyingi hata Sauda akamwambia, "Basi, baba, Mungu amesikia."

"Mliwatambuaje?" aliuliza alipopata pumzi. "Kitambaa wanacho, mkuki wanao, hata maneno yetu wanayasema."

"Kwa wenzangu hawakutambulika," Bi. Mwantumu akajibu. "Waliingia tu, wakasema amri ya akida, tokeni mkahifadhiwe. Wanawake wakatoka kimya, ndivyo walivyozoezwa. Halafu wakaja kwangu. Nilikuwa namkorogea Sauda uji wa pilipili manga. Mtu akaingia na mkuki bila hodi. Nikasema moyoni, kijana wa Mgaza hawezi kuingia kwangu hivi. Huyu si wetu. Nikammwagia chungu kizima, nikapiga yowe. Yaliyobaki ni kazi ya Mungu na pilipili manga."

Wanawake wakacheka, wengine huku wakilia. Langoni moshi ulikuwa umepungua. Watekaji, walipoona wenzao hawatoki, waliondoka.

Jioni baraza lilikaa. Mgaza alisimama na kusema, "Mji mzima niliuvua ngao nikidhani nauvua kizuizi. Ulibaki mlango mmoja wenye hodi, na huo ndio uliotuokoa. Nairudisha ruhusa yenu."

Jumbe akasema, "Lakini yule wa ghalani alikuwa adui kweli."

"Kweli. Tutaendelea kupekua, saa yoyote. Ila mlinzi apige hodi, ataje jina lake, awe na mzee wa mtaa. Watu wawili wazingire uani ili mwovu asitoroke, hilo nilipaswa kulifikiria tangu mwanzo. Mwenye nyumba naye asichelewe kuitika. Na vita vikiisha, mtasema ninyi, siyo mimi."

Wakakubali, wakasoma Fatiha, ikawa kama siku ile ya mbuzi.

Arobaini ilipotimia, Mgaza alikwenda kuwachukua mke na mwana. Alisimama mlangoni katika nguo yake safi, akapiga hodi. Bi. Mwantumu alimsikia vizuri sana. Akaendelea kufunga kanga za binti yake, akamwacha asubiri kidogo. Wapita njia wakamwona akida wa Kwemsasi amesimama nje kama mtoto aliyetumwa chumvi, wakamtania: "Vipi, akida, umefungiwa?"

"Nasubiri karibu," akajibu, naye anacheka. "Mlinda mji naye hupiga hodi."