Mguso Mmoja wa Mtungi wa Bi. Mboja

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi bali za juzijuzi, maana wakurugenzi walikuwa wameshaumbwa, palikuwa na makumbusho ya sanaa katika mji wa Kitandu. Mkurugenzi wake aliitwa Daktari Lugendo. Alipenda vitu viwili: sanaa na vibao. Sanaa aliipenda kiasi.

Mlangoni aliweka kibao: Usikimbie. Ukutani: Usipaze sauti. Sakafuni alichora mstari wa njano, na kando yake kibao: Usivuke. Kila penye sanaa palikuwa na kibao: Usiguse. Na peke yake kwenye ukuta mweupe kulikuwa na kibao kilichosema: Usiguse kibao. Wageni walikitazama hicho kuliko vingine vyote, wakidhani ndicho sanaa yenyewe.

Sasa, katikati ya ukumbi, juu ya nguzo fupi ya mbao, ulikaa mtungi wa marehemu Bi. Mboja, mfinyanzi. Kila mtungi alioufinyanga, Bi. Mboja aliukandamiza dole gumba chini ya shingo ukiwa bado mbichi. Ndiyo iliyokuwa sahihi yake. Mitungi mingine yote ilikwisha kuvunjika visimani na majikoni, kama ilivyo kawaida ya mitungi. Ukabaki huu. Na binti yake, Bi. Semeni, ambaye mama hakumwachia hata picha, alikuja kila sikukuu kusimama nyuma ya mstari na kulitazama lile dole.

"Daktari," alimwomba siku moja, "niache niweke dole langu pale alipoweka mama. Mara moja tu."

"Mama, pole sana," alisema Daktari Lugendo. "Lakini humu ndani hakuna mtoto wa mtu. Kuna wageni."

Basi mwaka huo Daktari Lugendo akatangaza shindano la Mgeni Mwenye Adabu. Atakayewashinda wenzake kwa adabu atapewa zawadi ambayo haijapata kutolewa: ruhusa ya kugusa. Kitu kimoja, dole moja, mara moja. Akapigilia tangazo lenyewe kwenye nguzo ya mtungi, upande mmoja, kibao cha mninga kizito kama mlango wa ghala.

Nguzo ikaanza kuinama.

Wa kwanza kuona alikuwa Mzee Semkiwa, karani mstaafu wa mahakama, mtu aliyemposa mkewe kwa barua yenye nakala tatu. Mwingine angepiga ukunga. Mzee Semkiwa alitafuta kibao. Kikamwambia: Penye tatizo, mwone mhudumu. Akaenda kwa mhudumu, bila kukimbia, akainama sikioni.

Mhudumu aliitwa Mdoe. "Shikamoo, mzee," akanong'ona.

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Njema. Za nyumbani?"

"Tunamshukuru Mungu. Wajukuu wana mafua kidogo. Mtungi unaanguka."

Mdoe akageuka, akaona. Lakini wahudumu nao walikuwa na kibao chao: Mhudumu haondoki kitini mpaka apokewe na mwenzake. Mwenzake alikuwa amekwenda kunywa chai. Mdoe akafanyaje? Akakishika kiti kwa mikono miwili, akakibana makalioni, akaondoka nacho. Akavuka ukumbi mzima ameketi, kama kobe aliyeazima miguu ya bata.

Wakati huohuo Bi. Semeni alikuwa kwenye mstari wake wa siku zote. Mtungi ukateleza. Akavua kanga mabegani, akarusha upande mmoja hewani, akapiga kelele iliyoamsha popo darini: "Mdoe! Shika pindo!"

Mdoe, aliyekwisha kufika upande wa pili wa nguzo, akadaka pindo, akiwa bado kitini. Kanga ikakazwa. Mtungi ukaanguka, ukadunda kidogo, ukatulia katikati kama mtoto mbelekoni. Mzima.

Watu wakapiga makofi. Daktari Lugendo akatoka ofisini, akawaonyesha kibao, wakaacha.

Hapohapo akaamua: kuanzia leo mtungi utafungiwa ndani ya kioo, na kioo hakitafunguliwa tena. Akaagiza mafundi. "Ila zawadi niliiahidi," akasema. "Mguso mmoja, kabla ya kioo. Nani anaudai?"

Mzee Semkiwa akakohoa. "Ninaudai mimi. Nisingesema, nani angejua? Sikukimbia, sikupaza sauti, sikuvuka, sikugusa. Miaka yote nimetii, na sijawahi kupewa kitu kwa kutii isipokuwa amri nyingine. Mguso ni wangu."

"Mzee," akasema Bi. Semeni, "nilikusikia ukisalimiana mpaka mafua ya wajukuu!"

"Ulitaka niingie kazini kwa mtu bila salamu, kama mbuzi?"

Mdoe akasema, "Ninaudai mimi. Nisingekwenda, kanga ingeshikwa na nani? Na kitini sikuondoka."

"Wewe si mgeni, wewe ni mhudumu," akasema Mzee Semkiwa.

"Tangazo linasema mgeni ni kila aliyeingia kwa mlango wa mbele. Wa nyuma leo una rangi mbichi, nimeingia wa mbele kama nyinyi. Sikilizeni. Kila siku watoto wa shule wananiuliza: mtungi huu wa baridi? Nawajibu wa baridi, wanangu. Sijui! Sijaugusa! Nimekuwa mwongo mwenye sare. Mguso ni wangu."

"Wewe hukuondoka kitini, sawa," akasema Mzee Semkiwa, "lakini kiti kimeondoka mahali pake. Hilo nalo tuliangalie."

Bi. Semeni akasema, akiwa bado ameshika pindo lake, "Ninaudai mimi. Nisingerusha kanga, sasa hivi mngekuwa mnadai vigae. Mstari sikuvuka. Mkono wangu haujaugusa mtungi mpaka dakika hii, na uko hapa, Daktari, karibu kuliko siku zote. Nimepiga kelele, ndiyo. Ningenong'ona, mama angevunjika. Mguso ni wangu."

Mzee Semkiwa akamgeukia. "Binti yangu, kwa huruma ningekuachia. Lakini tangazo halisemi huruma. Linasema adabu. Nikikuachia, utakuwa umepewa sadaka."

"Sitaki sadaka," akasema Bi. Semeni.

"Ndiyo maana sikuachii."

Daktari Lugendo akapangusa miwani yake. "Kwa kweli," akasema, "bila kibao changu mtungi usingeanguka, na kama usingeanguka, msingeonyesha adabu yoyote. Sijui kama mmelifikiria hilo."

Mafundi wamefika na kioo. Wamesimama mlangoni, wanatoka jasho, wanauliza wakiweke wapi. Mtungi umelala kwenye kanga, dole la Bi. Mboja limeelekea juu. Mmoja atagusa, wawili watakwenda nyumbani na vidole vyao, na baada ya hapo hakuna atakayegusa tena milele.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, amueni upesi, kioo ni kizito: Mzee Semkiwa aliyetii, Mdoe aliyekwenda bila kuondoka, au Bi. Semeni aliyepiga kelele? Je, dole la nani?