Fisi, Jemadari wa Dimbwi la Matete

Mwaka ule mvua ilipita nchi ya wanyama bila hata kusalimia. Mito ikakauka, visima vikabaki tope, na maji yote yakawa katika dimbwi moja lililoitwa Dimbwi la Matete. Nalo lilikuwa na wenyewe. Mamba kumi na wawili walilala humo, na aliyeinama kunywa, mara nyingi hakuinuka.

Simba aliita baraza. Akaketi juu ya jiwe, akasema ni aibu kwa mfalme kuwaomba maji mijusi wakubwa. "Tutapigana," akasema. "Nani anavijua vita?"

"Mimi," akajibu Fisi kabla swali halijaisha.

Fisi hakuwahi kupigana hata na viroboto wake. Lakini alikuwa ameona mapaja ya nyumbu nyuma ya jiwe la Simba, akajua mshauri wa mfalme halali njaa. Tena alikuwa na hesabu nyingine moyoni: vita vikiwa vikubwa maiti watakuwa wengi, na yeye hachagui maiti.

Akachora ramani mchangani. Vijiti vilikuwa wanyama, kokoto zilikuwa mamba. "Mamba watajipanga mstari, maana ndivyo wanavyojipanga siku zote. Tutawapiga katikati, watatawanyika. Ndivyo nilivyofanya katika vita vya Mto Mwekundu. Nilipata majeraha saba."

"Yako wapi?" akauliza Sungura.

"Yalipona vizuri."

Kwa siku tatu Fisi alihamisha vijiti, na kila jioni akala paja lake la ushauri. Siku ya tatu Swala alimleta barazani mtoto wake. Ulimi ulikuwa nje, miguu haimbebi tena.

"Waheshimiwa," akasema, "huyu hafiki keshokutwa."

"Ndiyo maana tunapanga kwa makini," akasema Fisi huku akiguguna mfupa.

Nyuma ya wote aliketi Bi Ngiri, mzee mwenye pembe moja na nusu sikio. Alipigana na mamba hao katika ukame uliopita. Kila mtu alijua hivyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Swala akamgeukia. "Mama, siku ile ilikuwaje?"

"Sikumbuki vizuri, mwanangu," akasema Bi Ngiri. " Kulikuwa na tope na makelele. Sikumwona mamba hata mmoja mpaka aliponishika. Tulikwenda ishirini, tukarudi wanane. Lakini jambo moja nalikumbuka. Mamba wote walikimbilia penye kelele, na sisi tukifa upande huu, korongo walikuwa wakinywa upande wa pili kwa raha zao. Basi wachache wapige kelele huku, mbali na maji, wengine wanywe kule. Vita vya nini?"

Baraza likaangua kicheko. "Bibi," akasema Fisi, "hayo si mambo ya vita. Hayo ni mambo ya kwenda kuchota maji."

"Mimi ninywe kwa kuvizia?" akasema Simba, ambaye hakuwahi kula bila kuvizia.

Sungura peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama Fisi. "Jemadari, watakaokufa atawazika nani?"

"Nitajitolea," akasema Fisi haraka mno, udenda ukimtoka.

Sungura akaelewa yote. "Basi kumebaki majigambo tu," akasema.

Vita vya nchi ile havikuanza bila majigambo: kila shujaa husimama mbele ya wenzake akajisifu. Fisi akatazama huku na huku. Nyati, mwenye kovu shingo nzima, alikuwa kimya. Bi Ngiri alikuwa kimya. Fisi akadhani hawana la kusema, akaruka katikati.

"Mimi ndiye Fisi! Mamba wakisikia jina langu hulia!"

"Uliua wangapi?" akauliza Sungura.

"Tisa!"

"Tisa tu?"

"Tisa asubuhi! Jioni sikuhesabu!"

Walishangilia mpaka vumbi likatimka. Kisha Nyati akainuka. "Tumesikia. Kwa mila ya vita, aliyejigamba kuliko wote hutangulia. Hatua ishirini mbele ya jeshi, peke yake."

Waliowahi kwenda vitani walilijua hilo, ndiyo sababu walifunga midomo. Simba, ambaye alikuwa amekwisha fungua kinywa ajigambe, akakigeuza kuwa mwayo.

Kesho yake asubuhi Fisi alianza kuchechemea. "Mguu huu wa Mto Mwekundu! Heri niwaelekeze kutoka kilimani."

"Mila," akasema Nyati.

Basi akatangulia. Bi Ngiri akaiacha safu akamfuata karibu. "Unatetemeka," akamwambia.

"Ni baridi." Jua lilikuwa linawachoma migongo.

"Hata mimi natetemeka, kila nikiliona dimbwi hili. Tazama maji, usitazame matete."

Fisi akatazama matete, akitafuta mamba waliojipanga mstari. "Hakuna kitu," akasema kwa furaha. "Kuna gogo tu."

Gogo likamshika mguu.

Fisi alipiga yowe ambalo halijawahi kusikika nchi ile, na mamba kumi na mmoja wakaogelea kulifuata. Jeshi likageuka likatimua mbio. Hapo Simba alikuwa mbele ya wote. Upande wa pili Sungura alikuwa amejificha tangu asubuhi pamoja na Swala na mtoto wake. "Sasa!" akasema. Mtoto akaburutwa mpaka majini, akatia mdomo, akanywa.

Bi Ngiri angeweza kukimbia, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliogopa sana, akaingia topeni hivyohivyo, akamchoma Mamba jichoni kwa pembe yake moja. Mamba akaachia. Bi Ngiri akamvuta Fisi kwa sikio mpaka pakavu.

"Kwa nini umenirudia?" akauliza Fisi akilia.

"Mimi nimewahi kushikwa," akasema. "Najua."

Kuanzia siku ile wanyama walikunywa kwa njia ya Bi Ngiri: Nyati akipiga kwato na kukoroma upande huu, wengine wakinywa upande ule. Hakufa tena mtu.

Lakini Simba hangekubali ushindi upite bila karamu. Mchana wa siku ileile ya vita aliketi juu ya jiwe akasimulia jinsi "tulivyowapiga katikati", na waliokimbia naye wakapiga makofi kwa nguvu. Kisha akaweka paja zima mbele ya watu. "Jemadari, njoo utueleze vita. Paja hili ni lako."

Watoto wakasogea. Fisi akainuka kwa miguu mitatu, akaja katikati, akafungua kinywa. Halikutoka neno. Aliusikia tena mfupa wake ukivunjika chini ya maji.

Nyuma kabisa Bi Ngiri alisogea kidogo, akaacha nafasi. Fisi akaenda akaketi kando yake, na lile paja likabaki palepale mpaka nzi wakalijaa.