Bongo Nane na Kufuli Moja

Kamati Ndogo ya Muda ya Kuratibu Mwenendo wa Kufuli. Ndilo jina, wapendwa, hamkusikia vibaya. Kamati hiyo ilikuwa na mwenyekiti, katibu, wajumbe na fungu la vitafunwa, na kufuli lenyewe halikuwa hata la chuma. Lilikuwa mistari michache ya maandishi ndani ya kompyuta kuu ya hospitali moja, na aliyeiandika ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

Mwenyekiti huyo alikuwa mhandisi mkuu wa kompyuta, mtu wa makamo, mtaratibu, wa kunyoosha kalamu mezani kabla hajafungua kinywa. Zamani, alipoutengeneza moyo wa mfumo ule, ambao wenye fani yao huuita kerneli, mashine ya hospitali ilikuwa na ubongo mmoja tu. Akaweka kufuli moja mlangoni. Kazi yoyote ikitaka kugusa chochote, iwe jina la mgonjwa, stoo ya dawa au akiba ya damu, ishike kufuli kwanza, imalize, iachie. Ilikuwa kazi safi. Hakuna aliyegombana na mtu, maana hakukuwa na mtu wa kugombana naye.

Kisha hospitali ikanunua mashine mpya yenye bongo nane. Utepe ukakatwa, kibao kikabandikwa ukutani, kufuli likahamia humo vilevile lilivyo, na mashine mpya ikawa nzito kuliko ile ya zamani. Inawezekanaje? Fikirini nyumba yenye choo kimoja. Ukiwaongeza wapangaji, foleni ya asubuhi inapungua? Ubongo mmoja ulishika kufuli, saba zikabaki mlangoni. Wala hazikukaa zikapumzika. Zilizunguka palepale zikiuliza: tayari? bado? tayari? bado? Zikala umeme, zikapata joto, na kwenye kioo cha kompyuta ya mkurugenzi ikaonekana zote nane ziko kazini kwa asilimia mia. Mkurugenzi akaandika barua ya pongezi.

Mhandisi mkuu hakuhitaji kuelezwa. Alijua. Lishikeni hilo, maana mfano wote umekaa hapo.

Mwenzake wa ofisini, mhandisi mwanamke aliyefanya naye kazi miaka mingi, ndiye aliyemletea jambo lenyewe mezani.

"Bosi, tuligawe. Damu iwe na kufuli lake, dawa ziwe na lake, majina ya wagonjwa yawe na lake. Anayetaka damu ana shida gani ya kumngoja anayetafuta panadoli?"

"Na wakishikana? Huyu kashika la damu anataka la dawa, yule kashika la dawa anataka la damu. Watatazamana mpaka Yesu arudi."

"Ndiyo maana nimeweka mpangilio. Anayehitaji yote mawili anaanza na la damu, ndipo la dawa, siku zote. Wa nyuma atangoja, lakini hawatakwama. Nimeujaribu kwenye mashine ya akiba na haujanisumbua. Njoo uone."

Hakwenda kuona. Hofu yake ya kukwama ilikuwa ya kweli, na wakubwa wa fani wangempigia makofi kwa kuitaja. Taabu ni kwamba ilikuwa imeshajibiwa. Kilichobaki nyuma yake hakikuwa na jina la kitaalamu. Kwa miaka yote, kitu kikikwama hospitalini pale, watu walisema, "Mwiteni mzee mwenye kufuli," naye akatembea kwenye korido ile huku madaktari wakimpisha. Likigawanywa, wamwite kwa lipi?

Akainyoosha kalamu. "Wazo zuri, dada. Liandikie kamati."

"Kamati gani?"

"Tutaiunda."

Ikaundwa. Ikakutana, ikaahirisha, ikaomba maoni ya kamati nyingine. Kila karatasi yake ilingoja saini ya mwenyekiti, na wajumbe wakawa wanachungulia mlangoni kwake: amesaini? bado? Mmeshawaona hao mahali, sivyo?

Asubuhi moja wakaja wageni wa ukaguzi. Mhandisi mkuu akaiagiza mashine itoe ripoti ya mwaka mzima, na ripoti yenyewe ilihusu ufanisi wa mashine. Ikashika kufuli, ikaanza kupitia majina ya wagonjwa, mmoja baada ya mwingine. Wakati huohuo, wodi ya wazazi, mama aliyetoka kujifungua alikuwa anavuja damu. Damu ya kundi lake ilikuwepo, imelala kwenye friji ya maabara. Lakini waraka wa hospitali ulisema chupa isitoke mpaka mashine iidhinishe, na waraka huo ulitoka ofisi gani, hamhitaji kuambiwa.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa zamu.

"Mzee, kompyuta ya maabara inazunguka tu. Nina mama hapa anatuponyoka."

"Mtoto je?"

"Mtoto mzima. Ninakupigia kwa ajili ya mama."

Mhandisi mkuu akatazama kioo. Ripoti ile angeweza kuikata kwa kidole kimoja. Lakini wageni walikuwa wamesimama nyuma ya bega lake, na mkurugenzi alikuwa akiwaonyesha zile bongo nane, zote asilimia mia, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Kuikata mbele yao kungekuwa kusema kwa sauti kile alichokijua siku zote.

"Inakaribia mwisho," akasema. "Subirini kidogo, itaachia."

"Kidogo gani, mzee?"

Alikuwa ameshaweka simu chini.

Wapendwa, naona nyuso zenu. Mmeshamhukumu. Haya, na sisi je? Unga wa wajane si uko stoo, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda harusini? Vijana wetu si wamekaa mwaka mzima wakingoja mzee mmoja akubali waanze? Tukiulizwa tunasema tunalinda utaratibu. Utaratibu upi? Ule uliowekwa tulipokuwa wachache, mtu mmoja akatosha? Leo tumejaa mpaka nje, na mlango ni uleule, na aliyeushika anaogopa tu kwamba siku moja hataitwa.

Na sisi tulio mlangoni tusijifiche. Tunazunguka. Kikao, semina, kikao cha kutathmini semina. Tumechoka kweli, jasho ni la kweli, na anayetutazama kwa mbali anasema kanisa hili liko kazini kwa asilimia mia. Bwana hatatuuliza tulizunguka kiasi gani. Atamuulizia yule mama. Wala tusije tukasema hatukujua, kwa sababu aliyekuja na jibu mkononi tulimwambia aiandikie kamati.

Ripoti ilikamilika, ikachapwa kwa rangi, wageni wakaondoka nayo. Kufuli likaachiwa, na kioo cha maabara kikaandika: imeidhinishwa. Mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Baada ya mazishi, yule mhandisi mwanamke aliligawa kufuli. Alianza asubuhi, akamaliza kabla ya chai ya saa nne.